Picha ya Taru Haitoshi Kwenye Fremu Moja

Wanangu, leo sio Diani. Najua mkiona posti yangu mnangoja bahari, ngalawa, na yule ngamia wa ufuoni anayejulikana kuliko mimi. Leo tunapanda juu, tunapita Mariakani, tunapita Samburu, tunashuka Taru. Ndio, hapohapo ambapo ukiwa kwenye basi la Nairobi unalala, unaamkia Voi.

Wacha niwaambie venye ilianza.

Mimi kwetu kwa upande wa mama ni Taru. Nyanya yangu anaishi huko hadi leo, na hataki kusikia habari ya kuhamia Ukunda. Baada ya kuacha chuo mwaka wa pili (karo, stori ndefu, tuliimaliza kwenye posti nyingine), nilinunua kamera ya mtumba na lenzi moja ya milimita 35. Nikajiambia kazi yangu ya kwanza kali itakuwa panorama ya Taru. Picha moja pana, kuanzia linapotua jua mpaka linapochomoza. Nikapanda kwenye mwamba nyuma ya boma, saa kumi jioni, nikasimama, nikazunguka mdogomdogo, nikapiga picha 12. Usiku nikaziunga kwa laptopu ya rafiki.

Bana. Mbingu ilitoka kama punda milia. Mstari mweupe, mstari wa samawati, mstari wa kijivu. Udongo wa Taru, ule mwekundu mnaoujua, upande mmoja ulikuwa kama damu ya mzee na upande mwingine kama chai ya maziwa. Lakini nikaiposti hivyohivyo, na watu wakaipenda. Nikajiona nimefika.

Kesho yake nikampelekea nyanya aione kwenye simu. Akaishika mbali na macho kama anavyoshika barua. Akasogeza kidole, akarudisha, akasogeza tena. Halafu akaniuliza swali moja: "Na ngurunga iko wapi?"

Ngurunga, kwa wale wa mjini, ni shimo la maji kwenye mwamba. Mvua ikinyesha linajaa, na maji yanakaa baada ya mito yote kukauka. Hiyo aliyokuwa anaitafuta ndiyo aliyotekea maji tangu akiwa msichana. Ilikuwa mita chache tu kutoka miguu yangu nilipokuwa napiga. Kwenye picha haikuwepo. Nikafungua fremu zangu moja moja. Ilikuwepo, nusu kwenye fremu ya tano, nusu kwenye ya sita. Programu ilipounganisha, mshono ulipita hapohapo, ikaimeza.

Nyanya hakukasirika. Alinirudishia simu tu akasema, "Basi hii si Taru." Hiyo sentensi ilinikaa. Nikaanza kusoma historia ya hizi picha pana, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kukutana na Taru yenyewe. Fuateni.

1848: mwavuli, jina la baridi, na mtu wa London

Kabla ya reli na barabara, Taru ilikuwa kipimo cha msafara. Ukitoka Mombasa na Rabai kwenda Taita na Uchagani, lazima uvuke nyika hii, na swali la kwanza ni maji. Ngurunga za Taru zilikuwa kituo. Wapagazi walijua zikikauka safari imeharibika. Waduruma, Wakamba na watu wa misafara ya Waswahili walizijua njia hizi vizazi kabla ya mzungu yeyote kuchora ramani.

Tarehe 27 Aprili 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai, alianza safari ya kwenda Uchagani. Alikuwa maarufu kwa kutembea na mwavuli. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyeijua njia kama kiganja chake. Walivuka Taru, wakapita Taita, na tarehe 11 Mei 1848 Rebmann akaona mlima wenye kilele cheupe. Kilimanjaro. Anaandika kwamba alipouliza ule weupe ni nini, kiongozi wake aliuita kwa neno moja tu, baridi.

Habari ilipofika Uingereza, mtaalamu mmoja wa jiografia anayeitwa William Desborough Cooley aliikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, lakini alibisha kwa miaka mingi, na Rebmann hakuwa na kitu cha kumwonyesha zaidi ya maneno yake na ya Bwana Kheri. Hebu fikiria ubishi wa mtandaoni, lakini barua inachukua miezi.

Sasa sikia hii. Mwaka huohuo, tarehe 24 Septemba 1848, upande wa pili wa dunia, jamaa wawili, Charles Fontayne na William Porter, walisimama ng'ambo ya mto Ohio kule Marekani wakapiga picha mji wa Cincinnati. Waliupiga vipande 8, sahani za shaba zilizopakwa fedha, moja baada ya nyingine, kuufuata ukingo wa mto. Ukiziweka pamoja unapata kama kilomita 3 za mji. Zina undani wa kutisha: wataalamu wa siku hizi wameziangalia kwa hadubini wakasoma saa ya mnara.

Kwa hivyo 1848 kuna watu waliokuwa na picha pana ya gati zima, meli na madirisha, hakuna wa kuwabishia. Na kuna watu wengine waliovuka Taru kwa miguu, wakaona mlima mrefu kuliko yote Afrika, wakaitwa waongo. Tofauti yao ilikuwa sahani 8. Nikifika hapo ndio nilianza kuelewa kwa nini nyanya alitafuta ngurunga. Picha ni ushahidi. Na ushahidi ukiwa na shimo katikati, kila mtu atajaza hilo shimo kwa anachotaka yeye.

Mwanga ndio adui wa kwanza

Neno panorama lenyewe ni la zamani kuliko kamera. Robert Barker, mchoraji wa Uingereza, alisajili wazo lake mwaka 1787. Alichora mandhari kwenye turubai la duara, watu wanaingia katikati, wanalipa, wanazunguka. Jina lilitoka kwenye Kigiriki, maana yake ni kuona vyote. Kamera ilipotangazwa rasmi Ufaransa mwaka 1839, watu walitaka hicho hicho, kuona vyote. Shida ni kwamba kamera inaona kipande.

Njia ilikuwa moja: piga kipande, zungusha, piga kingine, halafu unga. Inaonekana rahisi mpaka ujaribu. Mbingu haina mwanga sawa pande zote. Karibu na jua inawaka, ukilipa jua mgongo inakuwa ya samawati iliyokolea. Wakati wewe unabadilisha sahani, wingu linapita, kivuli kinasogea. Kila sahani inataka kutoka na sura yake.

Mwaka 1875, kule Sydney, tajiri wa dhahabu Bernhard Holtermann alimlipia mpiga picha Charles Bayliss panorama ya mji kutoka mnara wa nyumba yake. Vipande 23, urefu karibu mita 10. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipiga San Francisco kutoka juu ya kilima cha Nob Hill, sahani 13, zaidi ya mita 5 ukizipanga. Ni kazi ya ajabu. Lakini ukitazama vivuli vya nyumba unaona siri yake: alitumia masaa, jua likitembea, na sahani moja ilipigwa kwa wakati usiofuatana na majirani zake. Kivuli hakidanganyi. Hata bingwa ana mshono.

Pia kulikuwa na shida ya dawa. Sahani za zamani ziliona samawati kupita kiasi, kwa hivyo mbingu ilichomeka ikawa nyeupe tupu. Muybridge alikuwa na sahani za mawingu pembeni, anayachapisha juu ya mbingu ya mandhari nyingine. Ndio, kubadilisha mbingu hakukuanza na programu ya simu yako. Punguzeni kiburi.

Reli inaingia, Taru inageuka dirisha

Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896. Taru ilikuwa mtihani wake wa kwanza. Kichaka cha miiba, joto, na maji hakuna. Maji ya wafanyakazi ilibidi yaletwe kwa treni. Zaidi ya wafanyakazi 31,000 waliletwa kutoka India kwa ujenzi mzima, na karibu 2,500 walikufa. Ukipita Mackinnon Road leo utaona msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah kando kabisa ya reli. Madereva bado wanapiga honi au wanasimama kuomba dua. Hilo kaburi linaniambia mengi kuhusu hiyo reli kuliko kitabu changu cha historia cha sekondari.

Reli ilikuwa na mpiga picha, William D. Young. Albamu zake zina madaraja, injini, stesheni, watu wamepangwa mstari. Ni hazina, sibishi. Lakini angalia zinaelekea wapi: mbele, kufuata chuma. Picha ya reli inataka kuonyesha reli. Kilicho kushoto na kulia kinaitwa kichaka.

Na hapo ndipo jina linapofanya kazi yake. Nyika. Wazungu waliita nchi yote hii nyika, halafu wakawaita watu wake Wanyika, yaani watu wa porini, mpaka wenyewe wakalikataa na jina Mijikenda likashika katika miaka ya 1940. Kwenye ramani nyingi wakaandika Jangwa la Taru. Wanangu, mimi nimelala Taru. Kuna mibuyu, kuna mbuzi, kuna vijia vinavyojua vinakokwenda, kuna makaburi ya wazee, kuna shule watoto wanatembea kuifikia. Jangwa liko wapi? Jangwa ni kile unachokiona kutoka dirishani ukiwa na haraka.

Sasa ngojeni niwaonyeshe waliopita hapo dirishani.

Mwaka 1899 alipita Halford Mackinder akienda Mlima Kenya. Alikuwa na viongozi wa milima wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, na hao watatu walifika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899. Miaka saba baadaye, 1906, Ollier na Brocherel walirudi. Safari hii walikuwa na msafara wa mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, kwenda milima ya Ruwenzori, Uganda. Walishuka Mombasa, wakapanda treni mpaka Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, wakavuka ziwa mpaka Entebbe, halafu miguu. Na ndani ya hiyo treni, akipita Taru kama wewe unavyopita umelala, alikuwemo Vittorio Sella.

Sella ndiye ninayemuita babu wa panorama za milima. Alitoka Biella, Italia, familia ya viwanda vya sufu. Baba yake aliandika kitabu cha kufundisha upigaji picha kwa Kitaliano tangu 1856. Kijana wake alianza kubeba kamera kubwa za sahani za kioo kupanda Alps, halafu Caucasus, Alaska, Himalaya. Kioo, wanangu. Ukiteleza, kazi ya wiki imevunjika.

Ruwenzori karibu imshinde. Mvua na mawingu kila siku. Mnaojua Kasese na Fort Portal mnajua ile milima inavyojifunika. Huwezi kupiga panorama ya wingu. Kazi yake kubwa ilikuwa kungoja: kupanda mahali, kusimamisha stendi, kuganda kwenye baridi, na pazia likifunguka kidogo, kupiga vipande vyote harakaharaka kabla mwanga haujabadilika. Hilo ndilo somo lote la mwanga sawa: vipande vyote viwe vya dakika zilezile, kwa kipimo kilekile. Baadaye kwenye chumba cha giza, sahani zote zipewe dawa ileile na muda uleule, halafu zichapishwe kwa uangalifu mpaka mshono usionekane. Ukibadilisha kipimo katikati, umepiga milima miwili.

Na nani alibeba hivyo vioo? Wapagazi waliotembea kutoka Entebbe, halafu juu mlimani Wakonjo, wenyeji wa ile milima. Vilele vya Ruwenzori vikapewa majina ya wafalme na wasafiri wa Ulaya: Margherita, Alexandra, Luigi di Savoia. Waliobeba kioo hadi kule juu huyaoni majina yao chini ya picha. Ni kama Bwana Kheri na Rebmann. Wenyeji wetu wamekaa kwenye mshono wa historia, programu imepita juu yao.

Lakini sitaki kumponda Sella, kwa sababu ya kilichotokea baadaye. Mwaka 1906 Ruwenzori ilikuwa na mito ya barafu 43 kwenye milima 6, eneo la kama kilomita za mraba 7.5. Kufikia miaka ya 2000 ilibaki kwenye milima 3 tu, chini ya kilomita za mraba 1.5. Wanasayansi walijuaje? Walichukua ramani na picha za zamani, za Sella zikiwemo, wakasimama maeneo yaleyale, wakalinganisha. Kwa kuwa zile picha zilikuwa pana, zenye mwanga sawa na bila mashimo, unaweza kunyoosha kidole: barafu ilifika hapa, sasa iko pale. Angefanya kama mimi, mbingu ya punda milia na fremu ya sita imemezwa, leo tungekuwa tunabishana kama Cooley.

Simu yako inaamua badala yako

Turuke mpaka zama zetu. Mwaka 1998 profesa Mjerumani Helmut Dersch alitoa bure seti ya programu za kuunga panorama kwa kompyuta. Miaka michache baadaye, Matthew Brown na David Lowe, kule Kanada, wakatengeneza AutoStitch, ambayo inajitafutia yenyewe alama zinazofanana kati ya picha mbili na kuzishika pamoja. Kufikia 2012 iPhone ikawa na panorama ndani ya kamera, na simu nyingine nyingi zikawa nayo pia. Unasogeza mkono tu. Kazi ya Sella, sekunde kumi.

Shida ni kwamba kamera ikiwa otomatiki ina tabia moja: kila fremu inataka kuwa nzuri peke yake. Ukiielekeza kwenye jua inapunguza mwanga. Ukiielekeza kwenye kichaka inaongeza. Kwa picha moja moja, sawa. Kwa panorama, kila kipande kinakuja na ukweli wake, na ndio mbingu inatoka kama punda milia. Rangi nayo inabadilika hivyohivyo, ndio maana udongo wangu ulikuwa damu huku na chai kule.

Kwa hivyo hii hapa njia, kama nilivyojifunza kwa kukosea:

Moja, funga mwanga. Kwa kamera, weka kila kitu kwa mkono. Mimi kule Taru jioni natumia ISO 100, tundu f/8, spidi 1/250. Pima upande unaowaka zaidi, usichome mawingu, halafu usiguse tena mpaka umalize. Kwa simu, shikilia kidole kwenye skrini mpaka ifunge kipimo, halafu ndio uanze.

Mbili, funga rangi. Chagua mwanga wa jua, toa otomatiki. Na fokasi pia, iache mahali pamoja.

Tatu, simamisha kamera wima, sio kulala. Utapiga fremu nyingi zaidi lakini utapata mbingu na ardhi ya kutosha. Kila fremu ipande juu ya mwenzake kama theluthi moja.

Nne, usizunguke kwa kiuno. Hapa ndipo nilipomezewa ngurunga. Ukizunguka na mwili, kamera inasafiri kwenye duara, na vitu vya karibu vinahama kuliko vya mbali. Programu inachanganyikiwa, inachagua kimoja, inatupa kingine. Zungusha kamera juu ya lenzi yake. Huna stendi? Funga kamba kwenye lenzi, chini yake ninginiza jiwe, na jiwe libaki juu ya alama moja muda wote. Hela yake ni sifuri.

Tano, fanya haraka. Jua halikungoji. Na kama una kichujio cha kukoleza mbingu kwenye lenzi, kitoe, kwa sababu kinakoleza upande mmoja kuliko mwingine.

Sita, kabla hujapiga, tembea kwanza. Uliza wenyeji ni kitu gani hakifai kukosekana. Hii hamtaikuta kwenye mafunzo ya mtandaoni, na kwangu ndiyo ya kwanza.

Nyanya anasoma picha

Nilirudi Taru mwezi uliopita, baada ya mvua. Hewa ilikuwa imeoshwa, kwa mbali Kasigau inaonekana kama imechorwa kwa penseli. Kasigau ndiyo Rebmann aliiandika Kadiaro, na alifika huko 1847, kabla hata ya safari yake ya Kilimanjaro. Safari hii nilimwomba nyanya tupande naye mwambani. Alipanda polepole na fimbo yake, akasimama, akaanza kunionyesha. Pale ndipo walipokuwa wanachunga. Ule mbuyu ndio mpaka wa ukoo wetu na wa majirani. Pale chini ya migunga kuna kaburi la kaka yake. Na reli mbili: ya zamani ya Muingereza, na hii mpya iliyozinduliwa 2017, ambayo treni yake inapita fyuu bila kutuangalia. Ngurunga yenyewe ilikuwa imejaa, mbingu imo ndani.

Nikafunga kamba, nikaninginiza jiwe, nikapiga fremu 14. Dakika mbili hazikuisha.

Niliiunga, nikaichapisha kwa karatasi ndefu kwa fundi wa mabango Ukunda, nikampelekea. Aliitandaza kitandani. Hakusema ni nzuri. Alianza kuisoma kama msomaji wa gazeti, kutoka kushoto, kidole kwenye kila kitu: mbuyu, njia, kaburi, ngurunga. Alipofika mwisho wa kulia akaniambia nilete kalamu, niandike majina nyuma, "kwa sababu mimi nikienda, nyinyi mtaona miti tu."

Tumeandika majina 23. Mengine ya mahali, mengine ya watu. Mimi nilikuwa nayajua manne.

Sasa maoni yangu, na mnaweza kunibishia. Pwani yetu inabadilika haraka kuliko tunavyoipiga picha. Kule Nguluku na Maumba, Msambweni, mchanga ulichimbwa kwa titaniamu kuanzia 2013 mpaka uchimbaji ukafungwa mwishoni mwa 2024. Kuna watoto wa huko ambao hawajui ardhi ilikuwa na sura gani kabla. Diani kuna mawe ya ufuoni ambayo leo ni ukuta wa mtu. Taru kila mwaka kuna miti inageuka makaa. Na sisi tuna simu ambazo Sella angeuza kiwanda cha baba yake azipate, lakini tunapiga uso wetu, nyuma kumepotea ukungu kwa makusudi.

Sisemi muache kujipiga. Mimi mwenyewe najipiga, mnaniona. Nasema mara moja kwa mwaka, chagua mahali pamoja kwenu. Iwe kilima, iwe dari ya gorofa, iwe kituo cha matatu. Nenda na mtu mzima anayepajua. Simama pale pale, saa ileile, funga mwanga, piga kuanzia kushoto mpaka kulia. Mwaka ujao rudi. Andika majina nyuma, ya wote, wakiwemo waliobeba.

Rebmann alirudi na maneno matupu akaitwa muongo. Bwana Kheri alisema kweli yake kwa neno moja, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Nyanya yangu anakaribia miaka tisini, na sitaki siku moja mtu aje na ramani iliyoandikwa jangwa, aseme hapa hapakuwa na mtu, halafu mimi nimtolee picha yenye punda milia mbinguni na shimo mahali palipokuwa na maji.

Hiyo ya zamani nimeifuta. Mpya iko ukutani kwa nyanya, juu ya kitanda, majina yakiangalia ukuta.

Wikendi hii narudi Ukunda, bahari inawangoja. Lakini mkipanda basi la Nairobi, mkifika Taru, amkeni kidogo. Angalieni dirisha la kushoto, halafu la kulia.